MAFUTA YA MJANE: UZA, LIPA DENI, UISHI

Andiko kuu: 2 Wafalme 4:1–7
Soma pia: Kumbukumbu la Torati 15:1–11, 1 Wafalme 17:8–16, 2 Wakorintho 8:12 na 9:8–10



Kumbukumbu la Torati 28:12 ni andiko tunalolipenda sana. Jumapili tunalitamka kwa sauti, tunasema sisi ni watu wa kukopesha, si watu wa kukopa. Ahadi hiyo ni ya kweli na Mungu hajaifuta. Lakini kufikia Jumatatu jioni wengi wetu tumeshafungua simu kuomba mkopo: wa nauli, wa unga, wa kumalizia karo. Na tuseme ukweli, kuna wakati mkopo huo unachukuliwa Jumapili hiyo hiyo, mtu akiwa ameketi ibadani, ili apate cha kupanda kama mbegu.

Somo la wiki hii ni la mtu huyo. Anaamini Mungu ni wa wingi, anaamini Yohana 10:10 kwamba Yesu alikuja tuwe na uzima tele, lakini simu ikilia anaogopa kuipokea. Tutamwangalia mama mmoja katika Biblia aliyekuwa hapo hapo, tuone Mungu alimpaje wingi, na wingi ule ulifanya kazi gani wa kwanza.

1. MCHA MUNGU ANAWEZA KUWA NA DENI

Mama huyu alikuwa mjane wa mmoja wa wana wa manabii. Tungesema leo, mjane wa mtumishi. Anamwendea Elisha akilia, na jambo la kwanza analomkumbusha ni kwamba mume wake alikuwa mtu wa kumcha Bwana. Elisha hapingi. Mtu yule alimpenda Mungu, alimtumikia, akafa, akaacha deni.

Tuanzie hapo kwa sababu deni lina aibu. Kuna ndugu ameacha kuja kwenye ushirika kwa sababu anadaiwa na mtu wa ushirika huo. Kuna dada anafikiri kama angekuwa na imani ya kutosha hangedaiwa. Mpendwa, maandiko hayasemi mjane huyu alikosa imani. Deni linaweza kuletwa na ugonjwa, na kifo, na mvua kukosa, na mwajiri kutolipa mshahara. Linaweza pia kuletwa na kupenda makubwa. Chanzo ni muhimu, lakini hata kama kilikuwa makosa, mlango wa Mungu haujafungwa.

Ona pia hatari iliyokuwepo. Mdai alikuwa anakuja kuwachukua wana wake wawili wawe watumwa. Siku zile mtu aliyeshindwa kulipa angeweza kulipa kwa kazi ya mikono yake au ya watoto wake. Siku hizi watoto hawachukuliwi hivyo, lakini deni bado lina njia ya kuwafikia. Mtoto anarudishwa nyumbani kwa karo kwa sababu pesa ya karo ilienda kulipa mkopo wa mwezi jana. Msichana anaacha shule akatafute kazi ya nyumbani. Mungu aliingilia kati kabla deni halijafika kwa watoto, na hilo ndilo lililomsukuma mama yule kulia. Usione haya kulia mbele za Mungu kuhusu pesa.

2. UNA NINI NYUMBANI?

Elisha anamuuliza mambo mawili: nikufanyie nini, na una nini ndani ya nyumba? Mama anajibu hana kitu, ila chupa ya mafuta.

Hiyo "ila" ni muhimu sana. Alikuwa nayo, lakini hakuihesabu. Wengi wetu tukiwa na shida, swali letu la kwanza ni: naweza kukopa ngapi? Simu yenyewe imetufundisha hivyo, inakuonyesha kiwango chako cha mkopo kabla hujauliza. Mungu anauliza swali lingine, anataka kujua ulicho nacho tayari.

Katika biashara, kabla ya kutafuta mtaji wa nje, unaandika mali uliyo nayo. Si pesa peke yake. Cherehani iliyolala chini ya kitanda ni mali. Cheti cha kusuka nywele ni mali. Robo ekari kule nyumbani inayoota magugu ni mali. Wateja wanaokuamini kwa sababu hupunji vipimo, hao ni mali kubwa. Musa alikuwa na fimbo. Yule kijana wa Yohana 6 alikuwa na mikate mitano na samaki wawili. Mara nyingi Mungu huanza na kitu kidogo kilichoko.

Na ona alichokizidisha. Hakumpa mama yule pesa taslimu. Alimpa bidhaa. Mafuta ya zeituni yalikuwa na soko: watu walipikia, waliwasha taa, walijipaka. Kama Mungu angetaka, angemwekea fedha mkononi. Lakini alimwachia kazi ya kuuza, na kwa kazi hiyo mama angekutana na wanunuzi ambao pengine wangemjua hata kesho. Kumbukumbu la Torati 8:18 linasema Mungu ndiye anayetupa nguvu za kupata utajiri. Kwa hiyo unapoomba, tarajia muujiza, na pia tarajia kuamka mapema kwenda sokoni.

3. VYOMBO VITUPU NA MLANGO ULIOFUNGWA

Mtu atasema: Pasta, lakini mama huyo naye alikopa! Aliambiwa aende kwa majirani aazime vyombo.

Kweli kabisa. Basi tuangalie aliazima nini. Aliazima vyombo vitupu. Havikuwa na riba, vilitoka kwa watu waliomjua, na vikishamwagwa vinarudishwa vilivyo. Alikuwa na mafuta, akakosa mahali pa kuyaweka. Huko ni kuazima kwa ajili ya kazi iliyo mkononi. Kukopa ili ule leo, kisha mwezi ujao ukope tena ili ulipe kile ulichokula, ni jambo jingine kabisa.

Hapa kuna neno kwa kanisa. Majirani wale hawakumlipia deni mama huyu, pengine hawakuwa na uwezo. Lakini walikuwa na vyombo. Ndugu, huenda huwezi kumlipia mwenzako arobaini elfu anazodaiwa. Lakini una kona mbele ya duka lako anayoweza kuwekea meza. Una jiko kubwa unalotumia Krismasi tu. Una mkokoteni, una jokofu lenye nafasi, una kijana anayejua kupiga picha za bidhaa. Hivyo ndivyo vyombo. Miujiza mingi inakwama kwa sababu watu wa Mungu wana vyombo vilivyokaa bure.

Kisha Elisha akamwambia afunge mlango, yeye na wanawe. Umiminaji ule haukuwa wa kuonyesha watu. Watoto walileta vyombo, mama akamimina. Kwa maneno mengine, watoto walijua hali ya nyumba na walishika kazi. Wazazi wengi huficha deni mpaka siku mwenye nyumba anapoweka kufuli. Mwambie mke wako. Mwambie mume wako. Watoto waliokua waelezwe kwa kiasi, ili wakiambiwa mwezi huu hakuna viatu vipya waelewe ni kwa nini. Na mlango ufungwe: si kila hesabu ya nyumba ni ya kupelekwa kwenye kikundi cha WhatsApp.

Vyombo vilipoisha, mafuta yakakoma. Mungu hakuishiwa. Yalikoma kwa sababu yalitosha. Mana jangwani ilikuwa hivyo pia: Kutoka 16 inatuambia aliyeokota nyingi hakubakiwa, na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Wingi wa Mungu una kipimo kinachoitwa kutosha. Usipojua kutosha ni ngapi kwako, hata mafuta ya nyumba nzima hayatakutosheleza.

4. UZA, LIPA, UISHI

Sasa tumefika kiini cha somo. Mama ana nyumba imejaa mafuta. Je, alikimbia sokoni? Hapana. Alirudi kwa mtu wa Mungu kuuliza. Wengi hutafuta maombi wakati pesa haipo, na ikishaingia hatuwaoni. Ukipata bonasi ya majani chai, au zamu yako ya chama ikifika, au ukilipwa malimbikizo ya mshahara, uliza kabla ya kutumia. Keti na mtu mwenye hekima.

Jibu la Elisha lina mambo matatu, na yana mpangilio: uza mafuta, lipa deni, kisha ishi na wanao kwa kile kinachobaki.

Uza kwanza, kwa sababu baraka iliyokaa kwenye chombo haijalipa mtu. Lipa la pili, kwa sababu pesa ile ina mwenyewe. Halafu ishi. Kula, vaa, lala usingizi, soma watoto. Mungu hakumwambia alipe deni kisha afe njaa. Kulikuwa na salio.

Ona pia kwamba Mungu hakulifuta deni lile kimiujiza. Mdai hakupotea, wala kitabu chake hakikuungua. Alilipwa. Kwa hiyo unapofunga na kuomba deni lako liondoke, usishangae Mungu akijibu kwa kukupa njia ya kulilipa. Warumi 13:8 inatutaka tusiwiwe na mtu, ila deni la kupendana. Mkristo anayelipa anachodaiwa, hata kama ni mia mbili mbili kila wiki, anahubiri kwa mdai wake kuliko trakti kumi.

Tufanye hesabu kidogo. Huduma ya M-Shwari ilipoanza nchini mwaka 2012 ilikuwa na ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Mtu akisikia saba na nusu anaona ni kidogo. Chukua mfano wa mama anayeuza mboga, anakopa shilingi 5,000 kwa ada kama hiyo. Mwisho wa mwezi analipa 5,375. Siku hiyo hiyo anakopa tena 5,000 kwa sababu kibanda kimebaki bila pesa. Akifanya hivyo miezi kumi na miwili, amelipa ada ya shilingi 4,500, na zile 5,000 bado anadaiwa. Sasa linganisha na Hustler Fund iliyozinduliwa Novemba 2022, ambayo mkopo wake wa mtu binafsi uliwekwa asilimia 8 kwa mwaka: 5,000 kwa siku 30 ni kama shilingi 33. Sisemi kopa huku au usikope kule. Ninasema jifunze kuuliza: hii ni kwa siku, kwa mwezi, au kwa mwaka? Kutojua neno hilo moja kumefanya kazi ya mikono ya watu wengi waaminifu iishie kwenye ada.

Zile 4,500, kama zingebaki kwenye kibanda, ni stoki ya sukuma wiki na nyanya. Hayo ndiyo mafuta yanayovuja huku tukiomba chombo kijazwe.

5. NA MBEGU JE?

Kuna swali limesumbua wengi na lazima lijibiwe hapa kanisani: je, nikope ili nitoe?

Tuangalie wajane watatu. Mjane wa Sarepta, 1 Wafalme 17, aliambiwa na Eliya amtengenezee mkate mdogo kwanza. Alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, vyote vyake, na Mungu alikuwa ameshasema kwamba amemwagiza mjane huko. Mjane wa Marko 12 alitia senti mbili katika sanduku, na Yesu alisema ametoa vyote alivyokuwa navyo. Alivyokuwa navyo. Na huyu mjane wetu wa 2 Wafalme 4, ambaye mdai alikuwa mlangoni, hakuombwa na Elisha hata chombo kimoja cha mafuta. Soma tena mstari wa 7. Hakuna fungu la nabii pale. Kuna deni la kulipa na watoto wa kulisha.

Katika wajane watatu, hakuna aliyekopa ili atoe.

Paulo anaweka wazi katika 2 Wakorintho 8:12: utoaji unakubaliwa kulingana na kile mtu alicho nacho, wala si kwa kile asicho nacho. Wamakedonia walitoa hata kupita uwezo wao, ndiyo, lakini kwa hiari yao na kutoka katika umaskini wao wenyewe. Na katika sura ya 9 mstari wa 10 anatuambia mbegu inatoka wapi: Mungu ndiye anayempa mpanzi mbegu. Kama mbegu uliyoshika imetoka kwa mkopo wa simu, basi hiyo bado ni mali ya mtu mwingine. Utapanda kwa furaha Jumapili, na mvunaji wa kwanza atakuwa mdai.

Vivyo hivyo na fungu la kumi. Malaki 3:10 linahusu sehemu ya kumi ya yale Mungu ameyaleta mikononi mwako. Mkopo si mapato. Katika vitabu vya hesabu unaandikwa upande wa madeni, hata kama pesa yenyewe iko mfukoni. Toa fungu la kumi la faida ya kibanda, la mshahara, la mazao. Na utoe kwa moyo, kwa sababu kutoa ni ibada na Mungu huibariki. Lakini bahasha ya ahadi ikikupita ukiwa huna, iache ipite. Bwana hakuoni mdogo. Njoo na shilingi ishirini yako halali, au njoo Jumamosi ufagie kanisa, na uinue kichwa.

Yesu, kabla tu ya kumsifu yule mjane wa senti mbili, alikuwa ameonya juu ya walimu wa sheria wanaokula nyumba za wajane. Sisi tunaosimama madhabahuni tusome mistari hiyo miwili pamoja.

6. KAMA WEWE NDIYE UNAYEDAI

Wengine wenu mnaosoma hapa hamdaiwi. Mnadai. Kanisa lina watu wanaokopesha ndugu zao, na wengine kwa masharti ya shailoki: kitambulisho kinashikwa, televisheni inabebwa. Soma Nehemia 5. Wayahudi walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka, wengine walikopa ili walipe kodi ya mfalme, na watoto wao wakawa watumwa. Waliowakopesha walikuwa ndugu zao. Nehemia alikasirika sana, akawataka warudishe mashamba na nyumba, pamoja na ile sehemu moja ya mia waliyokuwa wakitoza. Moja ya mia! Hebu wewe linganisha na unayotoza.

Kumbukumbu la Torati 15 linatupa ahadi ile ile tunayoipenda, ya kukopesha mataifa mengi bila kukopa, iko mstari wa 6. Lakini mistari inayofuata inasema tusimfungie mkono ndugu aliye maskini. Ahadi ya wingi na mkono uliofunguka vinakaa sura moja. Ukitamka ahadi, tamka na sura yake.

YA KUFANYA WIKI HII

Kwanza, andika madeni yote kwenye karatasi: unadaiwa na nani, kiasi gani, yanalipwa lini, na gharama yake ni ngapi kwa mwezi. Ombea karatasi hiyo ikiwa mbele yako.

Pili, andika vitu vitano vilivyo nyumbani vinavyoweza kuuzwa, kukodishwa au kutumika kuzalisha. Ujuzi pia ni kitu.

Tatu, chagua deni moja lenye gharama kubwa zaidi uanze nalo. Mengine yalipe kidogo kidogo, na hilo ulisukume kwa nguvu.

Nne, mpigie unayemkwepa. Mwambie lini na ngapi. Ahadi ndogo unayoitimiza inamtuliza mdai kuliko kuzima simu.

Tano, kabla ya kukopa tena, ongea kwanza na mtu mmoja katika ushirika wako.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Kwa nini Elisha alimuuliza mama ana nini nyumbani, na wewe ungejibu nini leo?
2. Ni vyombo gani vitupu tulivyo navyo kama kikundi, ambavyo ndugu mmoja angeweza kuvitumia mwezi huu?
3. 2 Wakorintho 9:8 inaunganisha kutosheka na kuzidi katika matendo mema. Katika nyumba yako, kutosha ni kiasi gani?
4. Tufanye nini ili ndugu anayedaiwa asione haya kuja kwenye ushirika?

SALA

Baba, wewe ni Mungu wa wingi, na tunakushukuru kwa sababu hujatuacha. Unaona karatasi zetu na majina yaliyoandikwa humo. Fungua macho yetu tuone chupa ya mafuta tuliyoisahau. Tupe majirani wenye vyombo, na utufanye majirani wenye vyombo. Bariki kazi ya mikono yetu ipate wanunuzi. Tusaidie kulipa tunachodaiwa, na wanetu waishi kwa amani kwa kile kinachobaki. Tunaomba katika jina la Yesu. Amina.